Jiwe lenye kinyesi cha fisi maji: je, ndipo anapolala?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, na shamba letu linapakana na mto mdogo usiokauka. Karibu na daraja la miti kuna jiwe kubwa, na juu yake tunakuta mavi meusi yaliyojaa vipande vya magamba ya kaa. Wazee wanasema ni fisi maji, ila mimi sijawahi kumwona. Je, anaishi chini ya jiwe hilo? Mbona anarudi palepale kila mara? Na tukihesabu hayo mavi, tunaweza kujua wako wangapi? Nauliza kwa sababu jumuiya yetu ya watumia maji inataka kusafisha kingo za mto kabla ya msimu wa vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, nami sipendi tumfukuze.

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla panga halijashikwa. Jibu fupi ni hili: karibu hakika halali chini ya jiwe hilo. Hapo ni mahali pa kuacha habari. Malazi yake yako kwingine, tena si mamoja. Fisi maji mmoja huwa na vilalio vingi vilivyotapakaa kwenye kilometa kadhaa za mto, na huvibadilisha anavyoona inafaa. Kwa hiyo mkililinda jiwe na kufyeka kingo, mtakuwa mmeuhifadhi ubao wa matangazo na kubomoa nyumba.

Hebu tuanze na mnyama mwenyewe, kwa kuwa mengine yote yanategemea ni nani hasa anayepita hapo.

Tanzania ina fisi maji wa aina mbili. Wa kwanza ni fisi maji asiye na kucha, Aonyx capensis, mwenye uzito wa kilo 10 hadi 18 na koo na mashavu meupe. Vidole vyake vya mbele havina kucha wala utando, navyo huvitumia kupapasa chini ya mawe na ndani ya tope akitafuta kaa. Wa pili ni fisi maji mwenye shingo ya madoa, Hydrictis maculicollis, mdogo zaidi, wa kilo 4 hadi 6 hivi. Huyu miguu yake yote minne ina kucha na utando, chakula chake kikuu ni samaki, naye huwinda kwa macho, hivyo hupenda maji maangavu. Ziwa Victoria, hasa kuzunguka Kisiwa cha Rubondo, ndiko anakoonekana kwa urahisi, hata mchana. Wote wawili wamo katika familia moja na nyegere na kicheche, familia maarufu kwa tezi za harufu.

Kinyesi chenye magamba mengi ya kaa kinaelekeza kwa yule asiye na kucha. Lakini pima. Chukua rula, tafuta kipande ambacho hakijapondeka, upime unene wake: cha huyo mkubwa huwa kati ya sm 2 na 3, cha yule wa madoa huwa chini ya sm 2 na mara nyingi kina magamba na miiba ya samaki. Wanaowapoteza watu ni wawili. Nguchiro wa maji naye hula kaa na hunya mahali pamoja kando ya mto. Kinyesi chake huchanganyika mara kwa mara na manyoya ya panya na mabaki ya wadudu, na unene wake unaweza kukaribia wa fisi maji, hivyo rula peke yake haitoshi. Kenge hutambulika kwa sehemu nyeupe ya chokaa kwenye kinyesi chake. Fisi maji hana kitu hicho.

Nyayo ndizo zinazomaliza ubishi. Tafuta tope laini au mchanga mbichi chini kidogo ya jiwe. Unyayo wa mbele wa fisi maji asiye na kucha una vidole vitano vinene, vya mviringo mwishoni, bila alama za kucha wala za utando, na kwa mnyama mzima upana wake ni kama sm 7. Ukiona vidole virefu vyembamba vilivyotawanyika na vitobo vya kucha mbele yake, huyo ni nguchiro. Ukiona kucha pamoja na mstari wa utando kati ya vidole, ni yule wa madoa. Usiamue kwa unyayo mmoja. Fuata hata mita 2 au 3 za njia yake, kwa sababu tope jembamba huficha kidole na tope zito hukuza unyayo.

Kwa nini anarudi palepale

Pembeni mwa njia ya haja kubwa, fisi maji ana tezi mbili. Anaponya, tezi hizo huachia majimaji mazito yanayochanganyika na kinyesi. Mara nyingine huacha ute mtupu, wa njano, kijani au kahawia, usio na chakula ndani. Watu huuona ute huo wakadhani mnyama anaharisha. Hapana, ameacha harufu bila kuwa na cha kunya. Kati ya fisi maji wote duniani, yule wa baharini wa Pasifiki ya kaskazini ndiye asiye na tezi hizi, naye huishi karibu maisha yake yote juu ya maji, mahali ambapo harufu haikai.

Harufu hiyo ina mambo mengi ndani yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa kikemia wa majimaji ya tezi za fisi maji wa Ulaya, Lutra lutra. Walikuta mchanganyiko wake unatofautiana kati ya dume na jike, kati ya mtoto na mnyama mzima, na kati ya majike kulingana na hali yao ya uzazi. Kwa hiyo anayepita na kunusa jiwe lako anaweza kujua nani alipita, wa jinsia gani, wa umri gani, na kwa ukali wa harufu, zamani kiasi gani.

Ni ujumbe wa nini hasa? Wengi hujibu haraka kwamba mnyama anaweka mipaka. Kwa fisi maji jibu hilo halitoshi, kwa kuwa alama nyingi hazipo mipakani. Ziko katikati ya eneo, karibu na sehemu zenye chakula. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi maji kwa miaka mingi katika visiwa vya Shetland, Scotland, alitoa maelezo mengine ambayo naona yanaingia akilini zaidi: mnyama anatangaza kwamba sehemu hii inatumika sasa. Kidimbwi kikishawindwa leo, kaa waliobaki wamejificha na samaki wamekuwa waoga. Mwenzake akinusa alama mbichi huona afadhali aende kwingine kuliko kupoteza nguvu kwenye maji yaliyokwisha kupekuliwa, na mwenye alama naye hubaki na sehemu yake bila kupigana. Ushahidi mmojawapo ni kwamba huko Shetland alama huongezeka majira ya baridi, chakula kinapokuwa haba, na hupungua sana majira ya kiangazi. Lingekuwa suala la kujisaidia tu, idadi isingebadilika namna hiyo.

Mahali nako huchaguliwa kwa makini. Fisi maji hutafuta kitu kinachoonekana na kilichoinuka kuliko maji: jiwe, gogo lililoanguka, mzizi mkubwa, kichuguu kando ya maji, ulimi wa mchanga. Hupenda penye mabadiliko: makutano ya vijito, mwisho wa maporomoko madogo, mdomo wa kidimbwi kirefu, chini ya daraja. Daraja lina faida ya ziada, mvua haifiki chini yake na harufu hudumu. Hapohapo ndipo mtafiti asiye mwangalifu anapokosea. Alama za chini ya daraja hukaa muda mrefu, hivyo huonekana nyingi kuliko za sehemu nyingine, hata kama mnyama ananya kwa kiwango kilekile kotekote.

Ukibahatika kumwona akiwa hapo, utaona mpangilio huu: anatoka majini, ananusa kinyesi cha zamani kwa muda, anageuka, anainua mkia, anakanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, ananya kidogo, ananusa tena, anarudi majini. Ni shughuli ya sekunde chache. Mnyama anayetumia jiwe moja kwa muda mrefu huacha vinyesi vingi vya umri tofauti mahali pamoja, na hicho ndicho tunachokiita choo cha fisi maji. Kinyesi hicho kina naitrojeni nyingi inayotoka majini, kwa hiyo kiraka cha majani yaliyostawi kupita jirani zake kwenye ukingo ni dalili nzuri ya choo cha siku nyingi.

Usichanganye choo na uwanja wa kujigaragaza. Fisi maji hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Kinachomkinga na baridi ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya yake mazito, na manyoya yakichafuka au kulowa hadi ndani, kinga hiyo inapotea. Kwenye mito ya nyanda za juu, ambako asubuhi maji huuma mifupa, jambo hili ni la uhai kwake. Kwa hiyo akitoka majini hujisugua kwenye nyasi au mchanga mkavu mpaka akauke. Utakuta nyasi zimelala kwa duara la mita moja au zaidi, au mchanga umechimbika kidogo, mara nyingi hatua chache kutoka majini na choo kikiwa karibu. Mahali hapo pakifunikwa na mabua mliyofyeka, au pakigeuzwa tuta la mboga, mtakuwa mmeondoa kitu anachokihitaji kila siku.

Anakolala

Kwenye mito fisi maji hutumia malazi ya namna mbili. Kuna mashimo na mapango: uwazi chini ya mizizi ya mti uliosimama ukingoni, nafasi kati ya mawe makubwa, shimo lililochimbwa na mnyama mwingine, au kwenye udongo wa kichanga, shimo alilochimba mwenyewe. Na kuna vilalio vya wazi: kiota cha majani yaliyolazwa katikati ya matete au mafunjo, au chini ya kichaka kilichosongamana. Watu hutafuta mashimo tu kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Lakini fisi maji waliowekewa vifaa vya redio vya kuwafuatilia wamewafundisha watafiti kwamba vilalio vya juu ya ardhi hutumika sana, na mnyama mmoja hubadilisha malazi kutegemea alipomalizia kuwinda.

Upana wa eneo lake utakusaidia kuelewa. Katika mito ya Western Cape, Afrika Kusini, watafiti waliwafuatilia fisi maji wasio na kucha kwa redio wakakuta kwamba urefu wa mto uliotumiwa na mnyama mmoja ulikuwa kuanzia km 5 hivi hadi km 54. Ndani ya urefu huo palikuwa na sehemu fupi, nyingine chini ya km 1, alizotumia zaidi, penye chakula tele. Daraja lenu laweza kuwa katikati ya sehemu hiyo, au laweza kuwa njia tu. Hilo halijulikani kwa kutazama jiwe.

Kilalio kizuri kina sifa nne. Kiko karibu na maji kiasi kwamba mnyama anaingia mtoni bila kuvuka uwazi. Kiko juu ya kimo cha mafuriko ya kawaida, ama kina chumba kinachopanda juu kuliko mlango. Kimefunikwa, kiasi kwamba ukisimama mita 3 kutoka hapo hukioni. Na kiko karibu na kidimbwi chenye chakula. Wale wanaoishi kando ya bahari huongeza sharti la tano, maji baridi ya kuoshea chumvi kwenye manyoya. Ninyi wa mtoni hilo haliwahusu.

Ukiona shimo na unataka kujua kama linatumika, usiingize fimbo, mkono wala moshi. Ndani anaweza kuwa nungunungu au nyoka, na kama ni fisi maji atahama. Fanya hivi: saa za mchana simika vijiti vitatu vyembamba wima mlangoni, vya kuangushwa na mnyama yeyote anayepita, na lainisha mchanga wa mbele kwa tawi. Rudi kesho yake mchana, tazama, simika upya. Siku nne au tano zinatosha. Ukae hapo dakika 5 tu, usiende na mbwa, na usirudie njia ileile kila mara, maana mtakuwa mnafungua kijia kitakachotumiwa na mbwa na wawindaji.

Sasa naomba ulizingatie hili kuliko mengine. Kwa fisi maji wa Ulaya, ambaye uzazi wake umechunguzwa sana, shimo la kuzalia ndilo lenye dalili chache kuliko yote. Mama mwenye watoto wachanga hanyi mlangoni. Hujisaidia majini na huingia na kutoka bila kuacha alama. Mara nyingi shimo hilo huwa kwenye kijito cha pembeni au mahali palipojitenga, mbali na mawe yenye vyoo vikubwa, na watoto hukaa humo kama miezi miwili kabla ya kuanza kutoka. Sioni sababu ya kumdhania tofauti mama wa mto wenu, kwa kuwa hatari za watoto ni zilezile. Kwa hiyo mtu anayesema "huku hakuna kinyesi, tufyeke" huenda anafyeka palepale penye watoto.

Kuhesabu

Idadi ya vinyesi haikupi idadi ya fisi maji. Mnyama mmoja anaweza kuacha alama kadhaa usiku mmoja kwenye mawe tofauti. Mwingine, hasa mama mwenye wachanga, haachi hata moja nchi kavu. Mvua ya saa moja hufuta nyingi zilizo mahali pa wazi. Wakati wa njaa alama huongezeka ilhali wanyama ni walewale. Ndiyo maana kipimo cha kawaida duniani hujibu swali moja tu: yupo au hayupo. Uingereza ilipofanya ukaguzi wa kitaifa mwaka 1977 hadi 1979, wakaguzi walitembea hadi mita 600 za ukingo kwa kila kituo, wakasimama mara tu walipopata dalili ya hakika. Kati ya vituo 2,940 vya England, 170 tu, yaani karibu asilimia 6, vilikuwa na dalili, na takwimu hiyo peke yake ilitosha kuonyesha balaa lililokuwa limewapata.

Ninyi mnaweza kufanya hivyohivyo. Gaweni mto katika vipande vya mita 600, kila kipande kikianza kwenye daraja au makutano ya vijito. Tembeeni wawili wawili, mmoja kila ukingo, kuelekea juu ya mto, ili tope mnalotibua lisiwafiche nyayo mbele. Msubiri siku 5 hivi baada ya mvua kubwa au mto kujaa. Kagueni kila jiwe lililoinuka, kila gogo, kila ulimi wa mchanga, na kingo hadi mita 10 au 15 kutoka majini, maana vyoo vingi viko ndani ya umbali huo. Kwa kila dalili andikeni tarehe, mahali kwa ramani ya simu, na hali yake. Kibichi humeta, kina unyevu na harufu ya samaki yenye utamu fulani. Kikavu kimeshika umbo lakini hakina harufu kali. Kuukuu kimesambaratika na vipande vya gamba vimepauka. Rudieni kila mwezi kwa njia ileile. Baada ya mwaka mtakuwa na picha ya vipande vinavyotumika daima na vinavyotumika kwa msimu, na hiyo ina thamani kuliko idadi ya kubahatisha.

Mkitaka kujua anachokula, chukueni sehemu ndogo tu ya kinyesi kikavu, kamwe msizoe choo chote, kwa sababu mtakuwa mmefuta ujumbe na mnyama atalazimika kuanza upya. Loweka kwenye maji yenye sabuni kidogo usiku kucha, suuza kwenye chujio la matundu ya mm 1, anika juani, kisha tenga: magamba ya kaa, magamba na miiba ya samaki, mifupa ya chura, mabawa ya wadudu. Vaa glovu na nawa mikono kwa sabuni, maana kinyesi hubeba vimelea. Mkiingia majini vaeni mabuti, kichocho hakibagui mtafiti.

Kamera ya kutega nayo inasaidia, ila watu hukatishwa tamaa nayo kwa kuiweka vibaya. Kamera hizi hushtuliwa na joto la mwili linalosogea. Fisi maji anapotoka majini, manyoya yake ya nje ni baridi sawa na maji, na kamera hukosa kumtambua. Kwa hiyo usiielekeze pale anapotokea majini. Ielekeze chooni au kwenye uwanja wa kujigaragaza, anapokaa kwa muda na manyoya kuanza kukauka. Ifunge kwenye mti umbali wa mita 3 au 4, kimo cha sm 40 hivi, ikimtazama kwa ubavu. Iwashe kwa video za sekunde 20 hadi 30. Ondoa nyasi ndefu zilizo mbele ya lenzi kwa kuzilaza, usizikate, la sivyo upepo utakujazia kadi kwa picha za majani. Kamwe usiifunge mbele ya shimo. Na kama kazi itakuwa ya kitafiti, pateni kwanza vibali vya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

Kuhusu kusafisha kingo

Hapa nitakuwa wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kinyungu kipya kinachoshuka mpaka majini kiko ndani ya eneo hilo, na jumuiya ya watumia maji ndiyo inayotakiwa kuwa ya kwanza kulisema.

Lakini hata bila sheria, angalieni mnachokipoteza. Matete yakifyekwa na kuchomwa, vilalio vya wazi vinaondoka siku hiyohiyo. Mizizi ikioza, ukingo unamomonyoka na mapango ya chini ya miti yanabomoka. Udongo unaotiririka hujaza nafasi kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za kaa. Kaa wakipungua, fisi maji anaweza kukaa kilometa nzima za mto na bado asishibe. Bomba la kupulizia dawa likioshwa mtoni, kaa hufa kabla hata hamjaona samaki akielea, kwa kuwa viuatilifu vingi vya wadudu ni sumu kali kwao. Lioshe mbali, mita 60 au zaidi, na maji yake yamwagwe kwenye udongo wa shamba.

Kama lengo ni kupata njia ya kuteka maji na kunywesha mifugo, fungueni kijia kimoja cha upana wa mita 1 na nusu kwa kila mita 200 au 300, kishuke kwa mshazari, kisikabili jiwe lenye choo wala kichaka kikubwa. Kama lengo ni maji kupita, ondoeni kwa mikono takataka na matawi yaliyoziba mkondo wenyewe, magogo makubwa ya ukingoni yaacheni. Pale ambapo kingo tayari ni tupu, msipande mikaratusi. Chini yake hapaoti kichaka cha kujificha. Pandeni mivengi na mikuyu, ambayo mizizi yake hushika ukingo na baadaye hutoa mapango, na mwache matete yarudi yenyewe mbele yake.

Kujenga pango la bandia kunawezekana. Uingereza wamefanya sana. Lundo la magogo ya mita 2 hadi 3, yaliyopangwa kwa kupishana juu ya kimo cha mafuriko, na nafasi za sm 25 hadi 30 kama milango upande wa mto na upande wa nyuma, likifunikwa kwa matawi, linaweza kutumika. Lakini nisingeanza nalo. Mita 100 za kichaka kilichoachwa zinampa vilalio vingi, lundo linampa kimoja, na mbwa wa kijiji hulijua lundo kabla ya fisi maji.

Jambo la mwisho ni migono, yaani mitego ya samaki ya kusukwa. Kidimbwi kilicho karibu na choo mara nyingi ndicho chenye kambale wengi, kwa hiyo wavuvi nao hukipenda. Fisi maji huingia mgononi akifuata samaki na kufa maji kwa dakika chache. Uingereza huweka kizuizi kigumu chenye nafasi ya mm 85 kwenye mdomo wa nyavu za mikunga. Mgono wa kwenu unaweza kufungwa msalaba wa fito mdomoni ukabaki na nafasi kama hizo: kambale wa kawaida atapita, kichwa cha fisi maji hakipiti. Kambale mkubwa sana mtamkosa. Zungumza na wavuvi kwanza kuhusu kidimbwi cha chini ya daraja, kisha kile kinachofuata kuelekea juu. Na wakati mnapozungumza nao waulizeni ni wapi wamewahi kusikia mluzi mkali usiku au kumwona mnyama na watoto, kwa kuwa mvuvi wa usiku hujua kijito cha kuzalia kabla ya mtu yeyote. Kijito hicho kikitajwa, kiwekeni kando ya kazi yote ya mwaka huu, msikikague hata kwa vijiti.